Chakula kwa Kadi, Nyumba kwa Foleni

Kila familia ya Wakongomani iliyofika mtaani kwetu, huku Ohio, ilikuwa na swali lile lile, na kwa kawaida lilikuja mwezi wa nne au wa tano, baada ya shirika la mapokezi kuacha kuwalipia pango. Mzee mmoja wa Uvira ndiye aliyelisema vizuri kuliko wote. "Serikali inatupatia chakula," aliniambia. "Sasa nyumba, juu ya nini inakataa?"

Ni swali la mtu mwenye akili. Mzee yule aliishi Nyarugusu, wilayani Kasulu, karibu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Kambini mambo yote yalipita kwenye kadi. Jina lako likiwamo, mgao ni wako. Mgao ukipunguzwa, umepunguzwa kwa wote na mnalalamika pamoja. Akaja Marekani, akapewa kadi nyingine, ya fudstempu, na watoto wakaandikishwa Medicaid ili watibiwe. Miaka ile, misaada hiyo miwili ilikwenda kwa mtindo wa kambini: ukitimiza masharti, sheria inataka upewe, hata mkiongezeka. Akatarajia na nyumba iwe hivyo.

Nyumba haiko hivyo. Fedha za kusaidia pango hutengwa na Bunge la Marekani mwaka hadi mwaka, kwa kiasi chake, na zikishagawiwa, aliyebaki nje atabaki nje hata awe maskini kuliko aliyeko ndani. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, katika familia nne zinazostahili ni moja tu inayopata. Hizo tatu hazijakosea kitu. Ziko kwenye foleni, au foleni yenyewe imefungwa na hakuna anayeandikishwa. Nimesimama kwenye foleni hizo kwa ajili ya wanangu na baadaye kwa ajili ya majirani, na karibu kila nilichojifunza kinatokana na jambo hilo moja: kwamba huku chakula hudaiwa, nyumba husubiriwa.

Mimi sikuja kwa njia ya ukimbizi. Ni mtu wa Kigoma mjini, nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, na watoto wawili. Sisi Watanzania tuna picha yetu ya nyumba ya serikali. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, ikaunda ofisi ya Msajili wa Majumba, na wazee wa Dar es Salaam bado watakwambia fulani anakaa "nyumba ya Msajili", ingawa ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Baba yangu mdogo alikaa katika mojawapo, ghorofa ya pili, kwa kodi ndogo mpaka inatia aibu. Aliipataje? "Alimjua mtu." Ndivyo ilivyosemwa nyumbani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ohio hakuna mtu wa kumjua. Niliuliza kanisani, nikauliza kazini, katika kituo cha wazee nilikokuwa nikiosha na kulisha watu, na wote walinielekeza kwenye simu na kompyuta. Ni jambo zuri, maana hakuna wa kuhongwa. Ila lina ubaya wake: mtu ukimweleza shida atakuelewa, kompyuta inataka tarehe ya kuzaliwa.

Mahali pa kuanzia palikuwa namba 211, ambayo ukiipiga katika sehemu kubwa ya Marekani unaunganishwa na watu wanaojua huduma za eneo lako. Mama aliyepokea simu alinisomea majina ya ofisi na majengo mpaka kalamu ikachoka. Nilipeleka karatasi ile maktaba, kwa kuwa sikuwa na kompyuta, na mkutubi mmoja, kijana mpole mwenye miwani, akanifanyia jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kunifanyia. Alichukua kalamu nyekundu, bluu na kijani, akapaka orodha yangu rangi. "Hizi ni aina tatu tofauti," akasema. "Watu wengi wanaomba moja, wanadhani wameomba zote."

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu akisema "nimeomba nyumba ya serikali", hujajua bado ameomba nini.

Nyekundu zilikuwa nyumba ambazo mamlaka ya nyumba ya eneo inazimiliki yenyewe. Ohio ina historia nazo: mamlaka ya Cleveland iliundwa mwaka 1933, ya kwanza nchini, kabla hata ya sheria ya shirikisho ya 1937 iliyoeneza mpango huo kote. Majirani huziita projekti, na husema neno hilo wakikunja uso. Sifa hiyo mbaya ina sababu. Pruitt-Igoe ya St. Louis, majengo 33 ya ghorofa 11, ilianza kubomolewa mwaka 1972, kabla haijatimiza miaka 20. Lakini mtu akikuogopesha na neno projekti, nenda kaone kwa macho yako. Nyingine ni nyumba za kawaida tu za chini, zenye bustani na baiskeli za watoto mlangoni. Shida yake kubwa ni uchache. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 sheria inaizuia serikali kugharimia nyumba za aina hii zizidi idadi ile iliyokuwapo mwaka 1999. Kwa hiyo unasubiri mtu ahame, au afe.

Bluu ilikuwa vocha, ile wanayoiita Section 8 kwa kuwa imetokana na kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba, kilichoandikwa upya mwaka 1974. Hapa mamlaka haikupi nyumba. Inakupa karatasi, na wewe unatafuta mwenye nyumba wa binafsi atakayeikubali. Wewe unalipa sehemu, mamlaka inamlipa yeye iliyobaki. Zaidi ya familia milioni 2 nchini zinaishi kwa vocha, na ndiyo wanayoililia wote, maana unaweza kuhama nayo.

Kijani yalikuwa majengo yaliyojengwa na kampuni binafsi kwa msamaha wa kodi ya mapato, mpango wa mwaka 1986. Haya hayapitii mamlaka ya nyumba kabisa. Unakwenda kwa meneja wa jengo, unajaza fomu pale pale, na kila jengo lina orodha yake. Mkutubi aliniambia watu wanayapita kila siku bila kujua, kwa sababu kwa nje ni apatimenti kama nyingine: hayana bango la serikali, wala hayana sifa ya kuogopesha.

Tofauti inayouma iko kwenye hesabu ya pango. Nyekundu na bluu zinafuata mfuko wako. Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi, alipitisha mwaka 1969 kanuni kwamba mpangaji wa nyumba za umma asitozwe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 robo ikapandishwa kuwa asilimia 30, na hapo ipo. Kipato kikishuka, pango linashuka. Kijani haina habari hiyo. Pango hupangwa kwa kipimo cha kipato cha eneo zima, liko chini ya bei ya soko, lakini likishapangwa ni lako ulipe, uwe umefanya kazi wiki hiyo au umelala na homa. Mameneja wengi hukataa mtu ambaye mshahara wake haufiki mara mbili na zaidi ya pango. Unaweza kuonekana tajiri mno kwa nyekundu na maskini mno kwa kijani siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na mshahara, mdogo lakini wa uhakika, na ni kijani iliyonichukua mwishowe: vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, karibu na kituo cha basi. Jina langu kwenye orodha ya bluu lilikuwa bado linaelea mahali fulani.

Nilipohamia pale ndipo Wakongomani walipoanza kubisha hodi. Nadhani habari ilitembea kanisani kwamba kuna mama Mtanzania anayejua karatasi.

Hawakuja mikono mitupu. Kila familia ilikuja na ule mfuko mweupe wa plastiki wenye nembo ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao waliambiwa wasiuachie tangu siku ya safari, na ambao wengine walikuwa hawajauachia bado. Humo ndani mlikuwa na maisha yao yote: fomu ya kuingilia nchini, kadi za Social Security zikiwa bado zimeshikana na karatasi ya barua, chanjo za watoto, na deni la tiketi ya ndege, kwa sababu mkimbizi hulipa nauli yake kidogo kidogo baada ya kufika. Tulimwaga vyote mezani. Kisha nikaanza kusoma tarehe za kuzaliwa, na kila mtu alikuwa amezaliwa Januari 1. Baba, mama, bibi, na watoto wawili wakubwa. Karani wa kambini aliandika hivyo kila mtu aliposema mwaka bila siku. Mifumo ya mtandaoni huona watu watano wenye ukoo mmoja na siku moja ya kuzaliwa, ikawachanganya, na nimewahi kuona bibi akifutwa kwa kuwa kompyuta ilidhani ni mjukuu wake aliyeandikwa mara mbili.

Majina nayo ni hadithi. Kwetu na kwao mtoto si lazima abebe jina la baba kama ukoo, kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na majina ya mwisho manne. Nilijifunza kuandika kila jina vile vile lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama limekosewa, hata kama mwenyewe analia kwamba siyo jina lake. Kurekebisha jina ni kazi ya ofisi nyingine, na dirisha la maombi halisubiri.

Maana ndivyo linavyokwenda. Mamlaka nyingi hufungua orodha ya vocha kwa siku chache au wiki chache, kisha hufunga, na huenda isifunguliwe tena kwa miaka. Siku hizi mamlaka nyingi haziangalii nani aliwahi. Zinapokea maombi ya wote, kisha kompyuta inapiga kura na kuchukua idadi ya majina zinayoweza kuyahudumia. Ukiomba saa ya kwanza au saa ya mwisho ni sawa. Nilipolieleza hilo, watu walikataa kuamini. Mama mmoja alikuja kwangu alfajiri akiwa amevaa kanga mbili juu ya koti, theluji inaanguka, awe wa kwanza kubofya. Tulibofya. Tukanywa chai. Sikumwambia tena habari za kura.

Vigezo vyenyewe ni vyepesi kuliko vinavyosikika. Kuna kipato cha kati cha eneo, kinachotangazwa kila mwaka. Kwa vocha unatakiwa kwa kawaida uwe chini ya nusu yake, kwa kuzingatia ukubwa wa familia, na sheria inataka robo tatu ya vocha mpya ziende kwa walio chini kabisa, karibu na asilimia 30. Wakimbizi na wenye kibali cha ukaaji wa kudumu (green card) walikuwa wanahesabika kama raia katika hilo. Wenye viza za masomo, hapana. Familia yenye mchanganyiko wa wanaostahili na wasiostahili ilisaidiwa kwa sehemu, kwa idadi ya wanaostahili. Nalitaja kwa sababu nimekuta baba aliyeogopa kuomba akidhani mpwa wake asiye na karatasi atawafukuzisha wote.

Na ombi ni bure. Kulikuwa na mtu mtaani aliyekuwa akitoza watu dola 50 "kuwaweka juu" kwenye orodha ambayo hata haikuwa wazi. Alizungumza Kiswahili safi, na hilo ndilo lililomsaidia. Tulipombana kwa maneno alisema anatoza kwa ajili ya muda wake. Mamlaka ya nyumba haitozi, na hakuna mtu mwenye uwezo wa kupandisha jina.

Sasa nije kwa barua, ambazo zimeniuma kuliko chochote. Ukishachaguliwa, jina linakaa kwenye orodha, mwaka mmoja, mitatu, wakati mwingine zaidi. Kila baada ya muda ofisi husafisha orodha: hutuma barua ikiuliza kama bado unahitaji nyumba, ikikupa siku chache za kujibu. Usipojibu, unafutwa. Fikiria ni nani anayeweza kukaa anwani moja miaka mitatu akisubiri msaada wa pango. Ni yule asiyeuhitaji sana. Mama mmoja wa Fizi, mwenye watoto wanne, alishindwa pango akahamia kwa kaka yake, kisha kwa mtu wa kanisani. Aliripoti anwani mpya kwa simu. Sauti ikamwambia sawa. Barua ikaenda kwa anwani ya kwanza. Tulipokwenda ofisini, karani hakuwa mkali hata kidogo. Aligeuza kioo cha kompyuta tukaona wenyewe: barua imetumwa, haijajibiwa, jina limefungwa. Mahali pa kuandika mabadiliko ya anwani palikuwa patupu. Simu haikuacha alama yoyote.

Tulikata rufaa kwa maandishi, maana anayeondolewa ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe tena, na kwa bahati simu yake ilikuwa imehifadhi tarehe na saa ya mazungumzo. Walimrudisha mahali pake. Tangu siku hiyo sikumruhusu mtu aripoti chochote kwa simu. Barua au mtandaoni, na picha ya kila ukurasa ubaki nayo. Aliye kwenye orodha sita ataripoti mara sita, kwa sababu ofisi hizi hazizungumzi, hata zikiwa jengo moja. Kwa anwani, wengi tuliwaombea kutumia ya kanisa, au wakakodi sanduku la posta. Gharama ya sanduku inauma kwa mtu asiye na pango, lakini ndiyo anwani pekee isiyohama.

Watoto wasiwe posta ya nyumbani. Hilo nalisema kwa ukali. Mtoto wa darasa la sita anajua Kiingereza kuliko wazazi, kwa hiyo anafungua bahasha, anasoma neno asilolielewa, anaona aibu kusema, anaiweka juu ya friji. Nimeitoa barua ya vocha juu ya friji, chini ya karatasi za pitsa, ikiwa na siku chache kabla ya kuisha. Wakati ule ofisi inayopokea fedha za shirikisho ilitakiwa imhudumie na asiyejua Kiingereza, na nyingi zilikuwa na mkalimani wa simu. Uliposema "Swahili" tu, hata bila sentensi, walitafuta. Dakika za kusubiri mkalimani zilichosha, lakini hazikumbebesha mtoto deni la familia.

Vocha ikifika, watu hupiga vigelegele, na mimi pia hupiga. Baada ya hapo kazi huanza upya. Karatasi ina muda, angalau siku 60, na ukishindwa kupata nyumba na usipoomba nyongeza, inarudi ofisini. Sheria ya shirikisho kwa kawaida haimlazimishi mwenye nyumba kuikubali, ingawa baadhi ya majimbo na miji imepitisha sheria zao. Wenye nyumba wengi walitusikiliza kwa furaha mpaka tulipotaja Section 8, kisha apatimenti ikawa imechukuliwa sekunde hiyo hiyo. Kuna na kiwango: mamlaka ina bei ya juu inayoikubali kwa kila idadi ya vyumba, na mwanzoni mwa mkataba haikuruhusu ujibebeshe zaidi ya asilimia 40 ya kipato. Nyumba nzuri zinapita juu ya kiwango. Zilizo chini ya kiwango zinaanguka kwenye ukaguzi.

Familia ya watu tisa ndiyo iliyonifundisha jiografia ya mji. Walihitaji vyumba vinne, na vyumba vinne kwa bei ya vocha vilikuwa nyumba kuukuu za mbao za mashariki ya mji, zilizojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Tulipata moja. Mwenye nyumba, mzee mweusi fundi magari, hakuwa na tatizo na vocha. "Serikali hulipa kila tarehe moja," alisema, "watu ndio hawalipi." Mkaguzi akaja, akajaribu kila swichi, akafungua kila bomba, akabonyeza king'ora cha moshi, kisha akasimama kwenye dirisha la chumba cha watoto na kukwangua rangi kwa ukucha. Nyumba ilikuwa ya kabla ya 1978, na walikuwepo watoto wa chini ya miaka sita. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na rangi inayobanduka ni marufuku mpaka ishughulikiwe kwa utaratibu wake. Tukaanguka. Fundi magari hakukasirika, ila alisema fedha za kumlipa mtaalamu wa rangi hana mwezi huo. Tuliandika barua ya kuomba muda uongezwe, tukaeleza ukubwa wa familia, tukaambatanisha ripoti ya ukaguzi yenyewe kama ushahidi kwamba tulikuwa tunatafuta. Waliongeza. Nyumba ikapita ukaguzi wa pili, na familia ikaingia ikiwa na magodoro na sufuria moja kubwa ya ugali.

Nimeona watu wakipumua wakishaingia, kana kwamba mambo yameisha. Hapo ndipo masharti yanaanza. Mkataba unataja kila anayelala humo. Sisi tuna methali yetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamarekani wameiandika kwenye mkataba, isipokuwa kwao siku ya jembe mara nyingi ni ya kumi na nne, na jembe lenyewe ni fomu. Binamu akifika kutoka Texas kutafuta kazi, unamkaribisha, hakuna Mwafrika atakayekuambia umfukuze. Lakini akipita siku za ugeni akiwa na mshahara, na hujamwandikisha, mamlaka itasema umeficha mtu na kipato. Mwandikishe mapema, au mtafutieni pengine. Na kazi ya pili usiifiche. Wengi wanadhani ofisi inajua tu unachoiambia. Mwajiri huripoti mishahara serikalini, na mamlaka ya nyumba ina mfumo wa kulinganisha. Nimemsindikiza baba aliyedaiwa alipe tofauti ya karibu miaka miwili, kwa sababu ya kufagia ofisi usiku.

Mama wa Fizi alipata vocha yake baadaye. Siku moja alikuja kwangu na karatasi ya mapitio ya mwaka, akiwa amekasirika kweli. Alikuwa anasafisha hospitali, dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni dola 2,600 kwa mwezi. Kila mtoto alimpunguzia dola 480 kwa mwaka katika hesabu, wanne wakafanya 1,920, ikabaki 2,440 kwa mwezi, na asilimia 30 yake ni dola 732.

"Mie sijashika dola 2,600 hata siku moja," alisema. "Nashika elfu mbili na kitu."

Alikuwa sahihi. Wanahesabu mshahara kabla ya makato ya kodi, pesa ambayo mkono wake hauigusi. Hakuna fomu ya kulipinga hilo; ndivyo sheria ilivyo, na ninaona ni sheria mbaya. Kazini walimpa ovataimu ya saa kumi kwa wiki, na shoga yake alimwambia aikatae kwa kuwa itamalizwa na pango. Tukachukua kalamu. Saa kumi kwa dola 22 na nusu ni 225. Pango litapanda kwa thelathini katika kila mia, karibu dola 67. Kodi itakula nyingine. Tukaandika makato yake ya mwezi uliopita pembeni, tukalinganisha, na kwa namna yoyote ile tuliyokokotoa, zaidi ya nusu ya ile 225 ilibaki mkononi mwake.

"Na wewe?" akaniuliza. "Ukifanya ovataimu, pango lako linapanda?"

Nikamwambia langu halipandi kwa ovataimu, lakini pia halikushuka miezi ile walipotupunguzia zamu, na mwezi mmoja lilikula karibu nusu ya mshahara. Akacheka, akasema basi tumelingana. Kisha akanigeuzia ratiba aliyoletewa na msimamizi wake, ya Kiingereza, yenye miraba mitupu.

"Niandikie Jumamosi zote," akasema.

"Na Jumapili?"

"Jumapili kanisa. Waambie wasiniulize."